Anza na Nyumba Kumi: Ushauri kwa Wanaotaka Kubadilisha Mtaa Wao

Miji na vijiji vya Afrika Mashariki vina vikundi vingi vyenye kila kitu isipokuwa kazi. Cheti cha usajili kimetundikwa ukutani, mhuri upo, fulana zilishachapwa na kundi la WhatsApp lina watu mia mbili. Lakini mtaro uliowakutanisha watu hao siku ya kwanza bado unafurika kila masika, na akina mama wanaoamka saa tisa usiku kukinga maji ni walewale. Ukiwauliza viongozi wamekwama wapi, wanasema wanasubiri mfadhili.

Watu hawa si wavivu. Walianzia mwisho. Walitafuta kwanza vitu vinavyolipa kundi sura ya taasisi, wakaacha vitu vinavyolipa nguvu: jambo moja linaloeleweka, watu wanaojuana nyumba kwa nyumba, kumbukumbu zilizoandikwa na fedha inayohesabiwa mbele ya macho ya wote. Wakazi wa Mukuru jijini Nairobi, wa Gazi kule Kwale, wa Lamu, wa Owino Uhuru mjini Mombasa na wakulima waliokutana Morogoro miaka zaidi ya thelathini iliyopita walifika mbali kwa vitu hivyo, na walivianza kabla ya kuwa na fedha ya maana. Yeyote anayefikiria kuanzisha kikundi cha kuleta mabadiliko mtaani kwake ana mengi ya kuchota kwao.

Kikao cha kwanza cha kikundi kipya karibu kila mara huzaa orodha ndefu: ajira kwa vijana, dawa za kulevya, mimba za utotoni, usafi, maji, mikopo, mmomonyoko wa maadili. Kila neno katika orodha hiyo ni kweli, na hapo ndipo penye hatari. Watu kumi na watano wenye shughuli zao, watoto wao na madeni yao hawawezi kubeba mizigo saba kwa pamoja. Baada ya miezi mitatu kila mmoja anavuta kamba upande wake, na wanaobaki kwenye vikao ni wale wanaotaka cheo.

Jambo zuri la kuanzia lina alama zake. Watu wa kawaida hulitaja bila kuulizwa. Kuna ofisi inayojulikana ambayo ina wajibu nalo. Na ndani ya nusu mwaka mtu yeyote, hata asiyekuwa mwanachama, anaweza kuona kama limesogea au limebaki palepale. "Usafi wa mazingira" halina alama hizo, lakini "taka za soko zizolewe kila Jumatatu na Alhamisi" linazo. "Kuwawezesha wanawake" ni msemo wa kwenye andiko la mradi, wakati "zahanati iwe na mkunga usiku" ni jambo ambalo hata mtoto wa darasa la tano atajua kama limetimia.

Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, alipanda miti saba tu pale Kamukunji, Nairobi, tarehe 5 Juni 1977, na hata hiyo haikushika yote. Kilichofuata ndicho cha kuigwa. Vikundi vya wanawake vilianzisha vitalu vyao, na malipo madogo waliyopewa yalihesabiwa kwa miche iliyoshika. Mche uliokufa haukulipiwa. Kwa kanuni hiyo moja, wanawake ambao wengi wao hawakuwahi kusomea misitu walijua kila msimu wamefanya nini na hawajafanya nini. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, harakati yake ilikuwa imepanda zaidi ya miti milioni 30.

Baada ya jambo, watu. Hapa ndipo vikundi vingi huharakisha, na ndipo panapostahili muda kuliko mahali pengine popote.

Hesabu ya nyumba kumi si ngeni kwetu. Tanzania imeijua tangu enzi za TANU, na balozi wa nyumba kumi bado anaamua ugomvi wa mipaka na kuandika barua za utambulisho. Kenya nayo ilizindua mpango wake wa usalama wa Nyumba Kumi mwaka 2013. Katika mifano hiyo yote miwili mpango ulitoka juu kuja chini. Mukuru waligeuza mwelekeo.

Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango miji. Eneo hilo lina kaya zipatazo laki moja, nyingi za wapangaji wa vyumba vya mabati. Utazisikilizaje kaya laki moja? Ukiitisha mkutano uwanjani watakuja elfu moja, watazungumza watu ishirini, na kumi na wanane kati yao watakuwa wanaume wenye nyumba za kupangisha. Muungano wa Wanavijiji, mtandao wa wakazi wa makazi duni ulioanza mwaka 1996 wakati wa vitisho vya kubomolewa, ulishika njia nyingine. Kaya kumi zilikuwa kundi moja lenye mjumbe wake. Makundi kumi yaliungana yakawa ngazi ya kaya mia, na ngazi hizo zikaungana tena hadi kufikia sehemu kubwa za mtaa. Swali kuhusu choo, njia au zahanati lilishuka hadi mlangoni kwa mtu, na jibu likapanda kurudi kwa wataalamu wa mipango. Leo barabara za lami na vituo vya afya vilivyojengwa Mukuru katika miaka iliyofuata vinaonekana kwa macho.

Kwa mtaa wa kawaida hesabu ni nyepesi. Wajumbe kumi na wawili wanatosha kufikia nyumba mia moja na ishirini, na kila mmoja anaweza kuzungukia nyumba zake jioni moja baada ya kazi. Mjumbe wa namna hii hateuliwi kwa sababu anajua kuongea. Anachaguliwa na nyumba zake kumi, na kazi yake ni mbili tu: kupeleka swali na kurudisha jibu bila kulitia chumvi.

Mwezi wa kwanza, basi, usiwe wa mikutano. Uwe wa kubisha hodi. Maswali mawili yanatosha: "Nini kinakusumbua zaidi hapa tunapoishi?" na "Umeshajaribu kufanya nini?" Swali la kwanza hutoa malalamiko, na la pili huwafichua watu. Kuna mama ambaye ameshaandika barua tatu kwa mtendaji wa mtaa bila kujibiwa. Kuna fundi ambaye kila mwaka huzibua mtaro kwa mkono wake. Kuna mzee anayekumbuka bomba lilipita wapi kabla ya kukatwa. Hao ndio nguzo za kikundi, na mara nyingi hawamo kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu simu zao ni za kitochi.

Wapangaji wahesabiwe sawa na wenye nyumba. Hili linahitaji kusisitizwa kwa sababu desturi ya mitaa mingi ni kumwona mpangaji kuwa mpita njia, ilhali ndiye anayenunua maji kwa dumu na ndiye anayehama choo kinapojaa. Kikundi cha wenye nyumba pekee kitapigania hati za viwanja. Kikitaka kupigania maji, kinawahitaji wapangaji.

Vijana nao huitwa kwenye mikutano, wakakaa nyuma, wakaondoka. MYSA, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa Mathare, Nairobi, mwaka 1987, kilipata njia bora. Timu inayoshiriki kusafisha mtaa huongezewa alama kwenye msimamo wa ligi. Kijana anayetaka timu yake iongoze anajua kwamba Jumamosi asubuhi ana kazi ya kuzoa taka kabla ya mpira. Hakuna hotuba iliyohitajika kumwambia wajibu wake.

Kinachofuata ni daftari.

Malalamiko yasiyoandikwa husikilizwa na kusahaulika siku hiyohiyo. Ofisa wa mamlaka ya maji akiambiwa "maji hayatoki" atajibu kwamba yanatoka, na mazungumzo yataishia hapo. Sasa tuchukue nyumba ishirini, kila moja na daftari la shule la kurasa thelathini na mbili. Kila siku kwa wiki nne wanaandika tarehe, saa maji yalipofunguliwa, saa yalipokatika, madumu mangapi yamenunuliwa na kila dumu kwa bei gani. Kazi hiyo haichukui dakika mbili, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya vizuri kuliko baba yake.

Mwisho wa wiki nne kikundi kinapiga hesabu. Dumu moja ni lita 20, kwa hiyo lita elfu moja, yaani yuniti moja ya mita za maji, ni madumu 50. Dumu likiuzwa shilingi 5 za Kenya, mnunuzi analipa shilingi 250 kwa yuniti. Likiuzwa shilingi 10, analipa 500. Kisha itafutwe ankara ya maji ya mtu aliyeunganishiwa bomba, bei ya yuniti isomwe hapo, na tarakimu mbili ziandikwe bega kwa bega kwenye karatasi moja kubwa. Utafiti uliofanyika Mukuru kwa msaada wa vyuo vikuu na mashirika ulionyesha kwamba wakazi wake walikuwa wakilipia maji zaidi ya mara mbili ya bei wanayolipa watu wa mitaa rasmi. Mtu maskini alikuwa analipa zaidi kwa huduma duni. Taarifa hiyo ilibadilisha mazungumzo, maana wakazi waliacha kuonekana waombaji wakaonekana wateja wanaonyonywa.

Nguvu ya ushahidi ilionekana Owino Uhuru, Mombasa, kwa uchungu mkubwa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi pembeni mwa makazi hayo, na risasi, yale madini yenye sumu, ikaingia kwenye udongo, maji na damu za watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alijua baada ya mwanawe mchanga kuugua na kupimwa. Angeweza kuishia kwenye machozi. Badala yake wakazi walijipanga, walipimwa damu, udongo ukapimwa, barua zikaandikwa, watu wakaandamana. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Bila vyeti vya vipimo, kesi hiyo isingepita hata ngazi ya kwanza.

Lamu wanafundisha jambo lingine kuhusu kumbukumbu. Mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi ulipata leseni ya mazingira mwaka 2016. Save Lamu, mwavuli uliokusanya makumi ya vikundi vya kijamii vya wavuvi, wanawake, vijana na watunzaji wa mazingira, uliungana na wenzake kuipinga leseni hiyo mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza lilifuta leseni, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika tathmini ya athari. Swali la nani aliitwa, lini, akaambiwa nini na kwa lugha gani ndilo lililoamua. Kwa hiyo kila kikundi kihifadhi barua za mwaliko, orodha za mahudhurio na mihtasari, pamoja na mihtasari ya mikutano iliyoitishwa na wengine. Mwenye kushika kalamu katika mkutano wa hadhara wa mwekezaji anafanya kazi kubwa kuliko mwenye kupaza sauti.

Fedha ndiyo iliyovunja vikundi vingi kuliko polisi na wanasiasa wakiwekwa pamoja. Inavivunja kwa namna mbili: kwa kuibwa, na kwa kushukiwa kuwa imeibwa. Ya pili ndiyo ya kawaida zaidi.

Dawa yake ipo na imejaribiwa kwa miaka mingi. Vikundi vya kuweka na kukopa vya mtindo ulioanzia Niger mwaka 1991, ambao baadaye ulienea Zanzibar, Tanzania Bara, Kenya na Uganda, hutumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne asiye na ufunguo wowote. Halifunguliwi popote isipokuwa kwenye kikao. Wanachama hukaa kwa duara, kila mmoja na namba yake, na anayeitwa huja mbele kununua hisa huku wote wakitazama. Wahesabu fedha ni wawili. Kabla ya kufunga, kiasi kilichomo hutangazwa kwa sauti na wanachama huambiwa wakikariri. Kikao kinachofuata huanza kwa kuulizwa: wiki iliyopita tuliacha shilingi ngapi? Wakijibu kwa pamoja, sanduku hufunguliwa na kuhesabiwa. Mama asiyejua kusoma anakuwa mkaguzi wa hesabu sawa na mwalimu mstaafu.

Kikundi cha kudai huduma hakilazimiki kuwa cha kukopeshana, na mara nyingine kuchanganya mambo hayo huleta ugomvi. Lakini kinapaswa kuwa na mfuko wake mdogo wa nauli, fotokopi na muda wa maongezi, na mfuko huo uendeshwe kwa uwazi uleule. Mchango uwe mdogo kiasi kwamba muuza mchicha anaulipa bila kukopa. Wanachama wanaochangia hata kidogo huhudhuria vikao kwa moyo tofauti na wanaosubiri posho.

Na posho ni sumu. Mtu akilipwa mara moja kuhudhuria kikao cha mtaa wake mwenyewe, kikao kijacho atauliza kiasi gani kabla ya kuuliza ajenda. Mashirika yenye nia njema yameua vikundi hai kwa bahasha za posho, na viongozi wa vikundi wana haki ya kuwaambia: tusaidieni chai na karatasi, wanachama wetu hawalipwi kuja kujadili maji yao. Kusema hivyo mbele ya mtu mwenye gari la mradi si rahisi. Lakini ni lazima kusemwa.

Hata fedha halali ikija kwa wingi, utaratibu uwe umetangulia. Mikoko Pamoja ya vijiji vya Gazi na Makongeni, Kwale, ni mfano unaostahili kutembelewa. Tangu mwaka 2013 wanavijiji wanalinda na kupanda mikoko katika eneo la hekta 117, na hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu huo huuzwa katika soko la kimataifa la kaboni. Kamati inayosimamia kazi hiyo huchaguliwa na wanavijiji wenyewe, na matumizi ya mapato hujadiliwa barazani: maji ya bomba, vitabu na ukarabati wa shule. Mwaka 2017 walitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, wenye kituo palepale Gazi, walisaidia kupima na kuhesabu. Mtaalamu alipima mti, na mwanakijiji akaamua shilingi iende wapi.

Mpaka huo kati ya msaada na uamuzi ndio ulioweka hai MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima Tanzania uliozaliwa Morogoro mwaka 1993 kwa ukaribu na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kaulimbiu yao ni kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe, na wameishikilia hadi leo. Soko kubwa la mahindi la Kibaigwa, Dodoma, ni moja ya masoko yaliyojengwa kutokana na juhudi zao, ili mkulima auze kwa mizani mbele ya wanunuzi wengi badala ya kumngoja mchuuzi mmoja shambani kwake.

Uongozi ndani ya kikundi hauhitaji falsafa ndefu. Mwenyekiti, katibu, mhazini, kila mmoja kwa muda maalumu usioongezwa zaidi ya mara moja, na katibu awe na msaidizi anayejifunza kazi. Anayetaka kugombea udiwani au uwakilishi wadi ajiuzulu uongozi kabla ya kuchukua fomu, na kanuni hiyo iandikwe kwenye katiba ya kikundi siku ambayo hakuna mgombea yeyote machoni. Ikiandikwa baadaye itaonekana imetungwa kwa ajili ya fulani.

Mpangilio wa kikao, hata hivyo, una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Meza kuu yenye kitambaa, viti vitatu vya plastiki na chupa za maji huamua nani azungumze kabla mtu hajafungua mdomo. Mikeka au viti vya duara huamua tofauti. Saa nayo huamua. Kikao cha saa nane mchana siku ya soko kinawafungia nje wauzaji, na cha saa mbili usiku kinawafungia nje wanawake wanaohofia njia. Wanachama waulizwe, kisha siku ichaguliwe moja isiyobadilika. TGNP Mtandao, shirika la masuala ya jinsia lililoko Mabibo, Dar es Salaam, wamekuwa na semina zao za jinsia na maendeleo kila Jumatano kwa miaka mingi, na mtu aliyepotea miezi sita anajua akirudi Jumatano atakuta watu. Uthabiti wa namna hiyo hujenga kuaminiana polepole.

Mwanamke aliyekaa kimya kikao kizima akazungumza njiani kurudi nyumbani ametoa hoja iliyochelewa kuandikwa. Njia moja ya kuiwahi ni kuzungusha neno. Kila mtu hupewa dakika moja kwa zamu, bila kukatizwa, kabla ya mjadala wa wazi. Wazungumzaji wa siku zote watalalamika. Waachwe walalamike.

Sasa ndipo usajili una maana, kwa kuwa kuna kitu cha kusajili. Kenya ina Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, inayotaka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, na kazi hiyo hufanyika katika ofisi za maendeleo ya jamii. Nchini Tanzania, vikundi vya kuweka na kukopa husajiliwa kupitia halmashauri chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mlango wa kwanza. Ofisi hiyohiyo hupokea maombi ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chenye daftari safi la miezi sita huomba kikiwa na jibu la kila swali.

Lakini silaha kubwa zaidi za kisheria hazihitaji usajili wowote. Katika Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kusomwa humo kila baada ya miezi mitatu. Watu ishirini waliojipanga, wakaomba taarifa isomwe na kila mmoja akiwa na swali lake lililoandikwa, hubadilisha mkutano huo. Nchi zote mbili zina sheria za haki ya kupata taarifa za mwaka 2016. Ofisi ya umma nchini Kenya ina siku 21 za kujibu ombi, na ya Tanzania ina siku 30. Ombi liandikwe kwa kifupi, liombe waraka unaotajwa kwa jina, kama mkataba wa kuzoa taka wa mwaka fulani, na nakala igongwe mhuri wa kupokelewa. Mhuri huo ndio unaoanzisha kuhesabu siku. Mkenya anaweza pia kupeleka ombi rasmi katika bunge la kaunti, na Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010 inampa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha.

Maandamano yana mahali pake, na yapo mambo yasiyosogea bila hayo. Yakija baada ya barua tatu zisizojibiwa, picha za mtaro na jedwali la bei, mwandishi wa habari anakuwa na cha kuandika na kiongozi hana pa kujificha. Yakija kabla, siku inaisha na jina la kikundi limechafuka. Yeyote anayeongoza hatua ya namna hiyo ahakikishe kuna wakili au mtetezi wa haki aliyetaarifiwa mapema, na namba yake iwe imekaririwa na watu zaidi ya watatu, maana simu hunyang'anywa.

Ugomvi utatokea. Kikundi kisichogombana kwa kawaida kina mtu mmoja anayeamua kila kitu. Wazee wawili wanaokubalika na pande zote, mmoja mwanamke, wapewe kazi ya kusuluhisha kabla ya mgogoro wowote kuzuka, na mashtaka ya fedha yajibiwe kwa daftari lililofunguliwa mbele ya watu siku hiyohiyo, bila kungoja uchunguzi.

Muda ni jambo la mwisho ambalo vikundi vingi hulikosea, kwa sababu hupeleka madai baada ya bajeti kupita. Mwaka wa fedha katika Kenya na Tanzania huanza tarehe 1 Julai, lakini mlango wa kuingiza hoja hufungwa mapema zaidi. Kwa kaunti za Kenya, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Kwa hiyo kikundi kinachotaka taa za barabarani mwakani kimalize kuhesabu nguzo zisizowaka mwezi Juni, kiandike barua Julai, na Agosti kiwe kimekaa kwenye mkutano wa maoni kikiwa na nakala iliyogongwa mhuri mkononi. Anayesoma haya na ana jirani mmoja wa kuaminika, waanze Jumamosi hii kwa kubisha hodi nyumba kumi zilizo karibu.